Kuhama kutoka NIS: kisa cha chuo kinachochagua mfumo mmoja salama wa kuingia kwenye kompyuta

Tuchukue chuo cha ukubwa wa kati nchini Tanzania, chenye hali ambayo fundi mitandao yeyote ataitambua. Kuna kompyuta 62 za Ubuntu: 44 ziko kwenye maabara mbili, zilizobaki ziko ofisini kwa walimu. Kuna seva nne, mojawapo ikiwa ya faili, inayobeba folda za nyumbani za watumiaji wote kwa NFS (njia ya kufungua faili za seva kupitia mtandao). Ofisi ya uhasibu ina kompyuta tisa za Windows. Watumiaji ni kama 400, na akaunti zao zote zinatoka kwenye seva moja ya NIS (mfumo wa kugawa orodha za akaunti kwenye mtandao) iliyowekwa zamani na kuachwa ifanye kazi. Wanafunzi huchomeka laptopu zao kwenye soketi zile zile za maabara. Umeme hukatika, intaneti huweza kupotea siku nzima, na mafundi ni wawili, mmoja wao akiwa pia mwalimu.

Uongozi unauliza: tuweke mfumo gani ili mtu awe na akaunti moja na nywila moja kila mahali, na iwe salama? Mjadala wa aina hii kwa kawaida huanza na majina ya bidhaa, na hapo ndipo unapopotea. Unapaswa kuanza na maswali mawili. Nywila ikishaandikwa kwenye kibodi, inasafiri kwenda wapi? Na nani anaweza kuwa root (msimamizi mwenye mamlaka yote) kwenye mashine iliyomo ndani ya mtandao huu? Majibu ya maswali hayo yanaondoa karibu nusu ya mapendekezo kabla ya kuzungumzia bei.

Ubaya wa NIS

NIS ilitengenezwa na Sun Microsystems katikati ya miaka ya 1980, wakati kompyuta zote za mtandao zilikuwa mali ya ofisi na root alikuwa mtu mmoja. Inagawa ramani za passwd, group na hosts bila kuzisimba. Mwanafunzi akichomeka laptopu yake, akajua jina la domeni ya NIS (limeandikwa wazi ndani ya /etc/defaultdomain kwenye kila kompyuta ya maabara), anawasha ypbind (programu ya mteja wa NIS) na kuandika:

ypcat passwd

Anapata orodha ya watumiaji wote, na kama heshi (nywila zilizogeuzwa kuwa alama zisizosomeka moja kwa moja) hazijatengwa, anazipata pia. Zikitengwa kwenye ramani ya shadow, seva huzitoa kwa maombi yanayotoka kwenye poti zilizo chini ya 1024 tu, yaani zile ambazo root peke yake anaruhusiwa kuzitumia. Kinga hiyo ilikuwa na maana zamani. Leo mwenye laptopu ndiye root wa laptopu yake, kwa hiyo poti hizo ni zake. Faili ya /var/yp/securenets huzuia kwa anwani za mtandao, lakini laptopu ile imo ndani ya mtandao ule ule. Kama heshi bado ni za crypt ya DES, njia ya zamani ya kutengeneza heshi, mambo ni mabaya zaidi, maana crypt hiyo huangalia herufi nane za kwanza tu: nywila ndefu haina faida yoyote juu ya hizo nane.

Kuna shimo jingine ambalo watu huwa hawalitazami. Ypbind ikiwa kwenye hali ya kutangaza (kuuliza mtandao mzima) hukubali seva yoyote itakayowahi kujibu. Laptopu ikiendesha ypserv (programu ya seva ya NIS) yenye ramani yake, inaweza kuipa kompyuta ya maabara mtumiaji mwenye UID (namba ya mtumiaji) 0, ambayo ni ya root.

Halafu kuna NFS ya kawaida, yaani sec=sys, ambayo humwamini mteja anaposema "mimi ni UID 1043". Mtu akiwa root kwenye mashine yoyote iliyoruhusiwa kupachika folda, anaunda akaunti ya UID 1043, anaandika su (amri ya kubadili mtumiaji), na faili za mwalimu zimo mikononi mwake. Ndiyo maana kubadilisha mfumo wa kuingia bila kugusa NFS ni kazi nusu. Red Hat iliondoa kabisa vifurushi vya NIS kwenye Linux yake ya RHEL 9 mwaka 2022, kwa hiyo anayetumia Linux hiyo, hata asipojali usalama, atalazimika kuhama.

Mapendekezo yaliyokuwa mezani

Kunakili faili za passwd na shadow kwenda kila mashine kwa zana kama rsync au Ansible kunavutia kwa sababu ni rahisi. Lakini kila moja ya kompyuta 62 inakuwa na heshi za watu wote 400. Anayefungua kasha la kompyuta moja na kuchomoa diski ameondoka na chuo kizima.

OpenLDAP peke yake ni hatua mbele, ila ieleweke kwamba LDAP ni saraka, yaani orodha ya watumiaji na makundi inayoulizwa kupitia mtandao. Inapotumiwa kuthibitisha watu, nywila yenyewe husafirishwa hadi kwenye seva, na seva huilinganisha na heshi. Ikipita ndani ya TLS (usimbaji unaotumia cheti cha kuitambulisha seva) hakuna anayeisoma njiani. Tatizo ni kwamba nywila inaandikwa upya kila mtu anapohamia huduma nyingine, na kila huduma inayoipokea inaiona ikiwa nzima. Kosa linalorudiwa sana hapa ni kuweka ldap_tls_reqcert = never ili kuondoa ujumbe wa cheti kisichotambulika. Baada ya hapo, mashine inaweza kumkabidhi nywila yeyote atakayejifanya seva, na TLS imebaki jina tu. SSSD, programu inayoziunganisha kompyuta za Linux na saraka, hukataa kuthibitisha kwa LDAP isiyosimbwa. Ikikataa, tengeneza cheti. Usitafute namna ya kuizunguka.

Active Directory, mfumo wa Microsoft wa akaunti za Windows, ingefanya kazi, ila leseni za seva na za watumiaji 400 kwa ajili ya Windows tisa ni fedha iliyopotea. Samba inaweza kuwa kidhibiti cha domeni ya aina hiyo bila leseni tangu toleo la 4.0 la mwaka 2012, na kama nusu ya kompyuta zingekuwa Windows tungeichagua bila kusita. Mifumo ya wingu inafaa kwa barua pepe na masomo ya mtandaoni. Haifai kuwa mlango wa maabara katika chuo ambacho intaneti ikikatika mtihani wa vitendo lazima uendelee. RADIUS, njia ya kuthibitisha wanaojiunga na mtandao, ni ya Wi-Fi, VPN na swichi. Itakuja baadaye juu ya saraka hii hii.

Inabaki FreeIPA, mfumo wa kusimamia akaunti za kompyuta za Linux. Ndani yake kuna Kerberos ya MIT (inayothibitisha watu kwa tiketi), saraka ya 389 Directory Server, mamlaka ya vyeti ya Dogtag, na DNS ya BIND (ya kutafuta anwani za majina) kwa anayeitaka, vyote vikisimamiwa kwa amri moja ya ipa au kwa kivinjari. Haigharimu leseni. Udhaifu wake katika kisa hiki ni kwamba haijatengenezwa kuwa domeni ya Windows. Kwa kompyuta tisa za uhasibu uamuzi ni kuziacha na akaunti zake za ndani, kwenye VLAN (mtandao uliotengwa) yao, mbali na maabara. Kujenga mfumo wa pili na uhusiano wa kuaminiana kati ya mifumo miwili kwa ajili ya watu tisa ni mzigo ambao mafundi wawili hawataubeba vizuri.

Kwa nini Kerberos

Kerberos ilizaliwa MIT ndani ya Mradi wa Athena, ulioanza mwaka 1983, kwa tatizo hili hili: kompyuta nyingi ambazo mwanafunzi yeyote anazishika, na mtandao ambao yeyote anaweza kuusikiliza. Toleo la 5, linalotumika leo, lilichapishwa mwaka 1993 kama RFC 1510, na tangu 2005 linaongozwa na RFC 4120.

Mtumiaji anapoandika nywila, kompyuta yake inaigeuza kuwa ufunguo papo hapo. Ufunguo huo unasimba saa ya sasa, na kipande hicho kilichosimbwa ndicho kinachokwenda kwenye seva, poti 88. Seva ina nakala ya ufunguo. Ikifanikiwa kukifungua na saa ikiwa sahihi, inarudisha tiketi kuu. Kwa tiketi hiyo kompyuta inaomba tiketi ndogo ya kila huduma: ya seva ya faili, ya SSH, ya tovuti ya ndani. Nywila haikusafiri, na seva ya faili haikuiona kamwe.

Inayobaki wazi nayo isemwe. Anayekinasa kipande kile cha saa anaweza kukaa nyumbani akibahatisha nywila mpaka kifunguke, kwa hiyo nywila fupi bado ni hatari. Na kama kompyuta unayoandikia imeshatekwa, root wake anaona kila unachoandika. Kwa sababu hiyo fundi mkuu haingii kamwe kwa akaunti ya usimamizi kwenye kompyuta ya maabara, na akaunti hiyo iwekewe pia tarakimu za mara moja kutoka kwenye simu:

ipa user-mod fundi1 --user-auth-type=otp

Jina, DNS na saa

Jina la eneo (realm) la Kerberos halibadilishwi baada ya usakinishaji. Ukikosea, unaanza upya. Tumia tawi la domeni ambayo chuo kinaimiliki, mfano ipa.mfano.ac.tz, na eneo liwe jina hilo hilo kwa herufi kubwa: IPA.MFANO.AC.TZ. Usitumie .local, kwa sababu mDNS (utafutaji wa majina ndani ya mtandao wa karibu) inaidai na kompyuta za Ubuntu zitatafuta majina mahali pasipo sahihi. Usitumie domeni kuu ya chuo pia, maana tovuti na barua pepe tayari ziko huko.

Seva ziwe mbili, kila moja ikiwa na angalau GB 4 za RAM, zikiendesha Rocky Linux au AlmaLinux 9. Wateja wanaweza kubaki Ubuntu, lakini upande wa seva FreeIPA hutengenezwa na kujaribiwa kwenye familia ya Red Hat. Ziwekwe majengo tofauti, kila moja na UPS yake. Kwenye ya kwanza:

dnf install ipa-server ipa-server-dns
firewall-cmd --permanent --add-service=freeipa-4 --add-service=dns --add-service=ntp
firewall-cmd --reload
ipa-server-install --setup-dns

Kabla ya amri ya mwisho, hakikisha hostname -f inatoa jina kamili, na kwamba ndani ya /etc/hosts jina hilo lina anwani halisi ya mtandao. Upande wa wateja, Ubuntu huandika jina la mashine kwenye 127.0.1.1; jina fupi likibaki pale, mashine itajiunga na jina lisilo sahihi na tiketi zake hazitakubalika.

Sasa saa, ambayo ndiyo itakayoleta simu nyingi kuliko kitu kingine chochote. Kerberos huvumilia tofauti ya sekunde 300 kati ya mteja na seva. Ikizidi, mtu anaandika nywila sahihi na anakataliwa, na kwenye kumbukumbu za mfumo unakuta "Clock skew too great". Kompyuta za maabara zenye miaka kadhaa zina betri ya CR2032 iliyokufa kwenye ubao mama. Umeme ukikatika na kurudi, zinaamka zikidhani ni mwaka wa miaka kumi iliyopita. Kama zimeelekezwa kuchukua saa intaneti, na intaneti nayo imekwenda na umeme, maabara nzima imefungwa nje.

Kwa hiyo kompyuta zote zichukue saa kutoka kwa seva za FreeIPA zenyewe. Hili halifanyiki lenyewe: katika matoleo ya sasa seva ya FreeIPA ni mteja tu wa saa. Lazima uongeze kwenye /etc/chrony.conf (mipangilio ya programu ya saa) ya seva zote mbili:

allow 10.20.0.0/16
local stratum 10 orphan

Mstari wa pili unaziruhusu ziendelee kutoa saa hata intaneti isipokuwepo. Hata zikipotoka sekunde chache kwa siku, zinapotoka pamoja na wateja wao, na hicho ndicho Kerberos inachohitaji. Nunua pia betri za kutosha kompyuta zote za maabara. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika mradi huu na kinazuia asubuhi mbaya nyingi.

Namba za watumiaji

Faili zote kwenye seva ya NFS zina UID za NIS. Ukiwapa watu namba mpya itabidi ubadilishe umiliki wa mamilioni ya faili, na utasahau baadhi. Tunza namba za zamani:

ipa user-add asha --first=Asha --last=Juma --uid=1043 --gidnumber=1043

Kuna mitego miwili. Wa kwanza: akaunti ya ndani iliyoundwa wakati wa kusakinisha Ubuntu ina UID 1000. Kama kuna mtu wa NIS mwenye 1000, akaunti ile ya ndani ndiyo mmiliki wa faili zake kwenye kila kompyuta. Ihamishe akaunti ya ndani, mfano iwe 900, kabla ya kuanza.

Wa pili haujulikani sana. FreeIPA huchagua yenyewe masafa ya namba kubwa, na namba zako za elfu moja na kitu ziko nje yake. Matoleo ya sasa hutaka kila mtumiaji awe na SID (kitambulisho cha mtindo wa Windows), na aliye nje ya masafa hapewi. Dalili yake inachanganya: akaunti inaonekana sawa kabisa, id asha inajibu, lakini kinit (amri ya kuomba tiketi) inagoma. Tengeneza masafa ya pili kwa namba za zamani, kisha zizalishwe SID:

ipa idrange-add namba_za_nis --base-id=1000 --range-size=2000 --rid-base=300000000 --secondary-rid-base=400000000
systemctl restart dirsrv@IPA-MFANO-AC-TZ
ipa config-mod --enable-sid --add-sids

Hakikisha kwa ipa idrange-find kwamba namba hazigongani na zilizopo. Saraka iwashwe upya kwenye seva zote mbili.

Nywila za zamani zisihamishwe

FreeIPA inaweza kupokea heshi za NIS. Unawasha hali ya uhamisho, unaingiza heshi, na mtumiaji anapoingia mara ya kwanza kupitia SSSD nywila yake inapimwa kwa LDAP ndani ya TLS, kisha funguo za Kerberos zinazalishwa. Ni njia nzuri, na katika kisa hiki tunaikataa. Heshi hizi zimekuwa zikisomeka na yeyote mwenye laptopu kwa miaka. Zihesabiwe kuwa zimeibiwa.

Kila mtu apewe nywila ya muda. FreeIPA huifanya nywila iliyowekwa na msimamizi imalizike muda papo hapo, kwa hiyo mtumiaji analazimika kuweka yake anapoingia mara ya kwanza. Wanafunzi waipokee darasa kwa darasa, mkononi, kwa kitambulisho, mbele ya kompyuta. Isitumwe kwenye kundi la WhatsApp la darasa.

Sera ya kawaida ni herufi nane, ipandishe:

ipa pwpolicy-mod --minlength=12 --maxfail=6 --lockouttime=600

Urefu una faida kubwa kuliko kulazimisha alama za ajabu, na muda wa kawaida wa siku 90 urefushwe: mwongozo SP 800-63B wa mwaka 2017 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, uliacha kupendekeza kubadilisha nywila kwa ratiba, kwa kuwa watu huongeza tu tarakimu mwishoni. Kufungia akaunti baada ya makosa sita nako kuna upande wa pili. Mwanafunzi anaweza kumfungia mwenzake asubuhi ya mtihani kwa kuandika nywila mbovu mara sita, kwa hiyo dakika kumi zinatosha, isiwe saa nzima. Hesabu ya makosa hainakiliwi kati ya seva. Ukiwa na seva mbili, anayebahatisha ana nafasi kumi na mbili.

Seva ya faili

Seva ya NFS inajiunga kama mteja wa kawaida, kisha inapewa ufunguo wa huduma yake:

ipa service-add nfs/faili.ipa.mfano.ac.tz
ipa-getkeytab -s ipa1.ipa.mfano.ac.tz -p nfs/faili.ipa.mfano.ac.tz -k /etc/krb5.keytab

Na ndani ya /etc/exports:

/export/home *.ipa.mfano.ac.tz(rw,sec=krb5p)

Sec=krb5 huthibitisha mtu ni nani, krb5i huongeza ulinzi wa data isibadilishwe njiani, na krb5p husimba kila kitu. Kwenye mtandao ambao laptopu za wageni zimo, tunachagua krb5p. Sasa root wa laptopu akijiita UID 1043 hapati kitu, kwa sababu hana tiketi ya Asha.

Hapa ndipo mengi huharibika wiki ya kwanza, na kila dalili ina sababu yake. Faili zote zikionekana ni za nobody, Domain ndani ya /etc/idmapd.conf haifanani kati ya mteja na seva. Folda ya mtumiaji mpya isipojiunda anapoingia, ni kwa sababu pam_mkhomedir (inayounda folda za nyumbani) hufanya kazi kama root wa mteja, na root wa mteja kwenye seva hii si mtu yeyote. Usitumie --mkhomedir, na folda iundwe kwenye seva ya faili na hati ile ile inayoongeza watumiaji.

Anayeingia kwa SSH kwa ufunguo wa umma hukwama kwa namna mbili. Kwanza, sshd inashindwa kusoma ~/.ssh/authorized_keys kwa kuwa folda haifunguki bila tiketi. Ufunguo ukiwekwa kwenye saraka kwa ipa user-mod --sshpubkey, sshd itaupata kupitia SSSD. Lakini bado ameingia bila tiketi, na folda yake inabaki imefungwa mpaka aandike kinit. Ndani ya mtandao ni bora atumie tiketi yenyewe kuingilia, akiwa na GSSAPIAuthentication yes na GSSAPIDelegateCredentials yes upande wa mteja.

Kazi ndefu nazo. Tiketi huishi saa 24. Mwalimu anayeendesha hesabu ya siku tatu atakuta imekufa kwa "Permission denied" siku ya pili. Kwenye sssd.conf ya kompyuta za walimu ongeza:

krb5_renewable_lifetime = 7d
krb5_renew_interval = 1h

Baada ya siku saba hakuna ujanja. Kazi za muda mrefu zaidi ziandike kwenye diski ya ndani.

Kuziunganisha kompyuta 44 zinazofanana

Kompyuta za maabara hutengenezwa kwa kunakili diski moja. Usinakili diski iliyokwisha kujiunga: zote zitakuwa na jina moja na keytab (faili ya funguo za mashine) moja, na kila moja itakayojiunga upya itaziharibu nyingine. Futa pia /etc/machine-id kwenye diski mama, vinginevyo zinaweza kugombania anwani moja ya DHCP. Baada ya kunakili, kila mashine isajiliwe na kupewa nywila ya kujiungia ya mara moja:

ipa host-add maabara1-07.ipa.mfano.ac.tz --random --force

Nywila inayotoka inatumika kwenye mashine husika:

ipa-client-install --unattended --password='...' --ntp-server=ipa1.ipa.mfano.ac.tz --ntp-server=ipa2.ipa.mfano.ac.tz

Hivyo nywila ya msimamizi haiandikwi kwenye maabara hata mara moja. Funga BIOS kwa nywila na uzuie kuwashia kutoka USB. Anayepata keytab ya mashine anaweza kujifanya mashine hiyo. Hawezi kujifanya mwalimu, lakini hakuna sababu ya kumpa hata hiyo.

SSSD huweza kutunza nywila ndani ya mashine ili mtu aingie hata seva zisipopatikana, na ipa-client-install huwasha jambo hilo yenyewe. Kwenye laptopu za walimu ni sahihi. Kwenye maabara weka cache_credentials = False, kwa sababu heshi za kila aliyeingia zitabaki kwenye diski ambayo wanafunzi wanaishika. Kazi ya kuhimili seva moja ikifa ni ya seva ya pili.

Nani aingie wapi

FreeIPA inakuja na kanuni ya allow_all: kila mtu anaingia kila mashine, zikiwemo seva. Ukiiacha, mwanafunzi anaweza kufungua SSH kwenye seva ya faili. Tengeneza kanuni zako kwanza: wanafunzi waingie kwenye kompyuta za maabara, kwa huduma za gdm-password na sshd; walimu waingie maabara na ofisini; mafundi waingie kila mahali, wakiongezewa sudo (ruhusa ya kuendesha amri kama root). Usiiguse allow_systemd-user. Kisha jaribu bila kumsumbua mtu:

ipa hbactest --user=asha --host=maabara1-07.ipa.mfano.ac.tz --service=gdm-password
ipa hbactest --user=asha --host=faili.ipa.mfano.ac.tz --service=sshd

Jibu la kwanza liwe True, la pili False. La pili halitakuwa False kama allow_all bado inahesabiwa, kwa hiyo ongeza --rules na majina ya kanuni zako. Yakitoka sawa, ipa hbacrule-disable allow_all. Ukiizima kabla ya kujaribu, kila mtu atakubaliwa nywila na kufukuzwa papo hapo, mafundi wakiwemo. Hivyo kila mashine ibaki na akaunti moja ya ndani ya dharura, yenye nywila yake tofauti, iliyoandikwa kwenye karatasi ndani ya sefu.

Seva ya pili na vyeti

Seva ya pili inajiunga kama mteja, kisha:

ipa-replica-install --setup-dns --auto-forwarders --setup-ca

Wengi husahau --setup-ca. Bila hiyo mamlaka ya vyeti iko kwenye seva moja tu, na ikifa, vyeti vya huduma, ambavyo kwa kawaida huishi miaka miwili, haviwezi kuhuishwa. Mfumo utaendelea vizuri kwa miezi mingi, kisha siku moja saraka na tovuti ya usimamizi zitagoma bila mtu kugusa chochote. Kila mwezi angalia getcert list na endesha ipa-healthcheck. Seva ya kwanza ikistaafu, kabidhi jukumu la kuhuisha kwa ipa config-mod --ca-renewal-master-server.

Seva pacha haichukui nafasi ya nakala ya akiba. Kundi likifutwa kwa makosa kwenye ipa1, linafutika ipa2 ndani ya sekunde chache. Chukua ipa-backup kila usiku kwenye ipa2 (nakala kamili husimamisha huduma, ndiyo maana usiku, na wakati huo ipa1 inahudumia), kisha uihamishe nje ya seva hiyo. Wanaohitimu waondolewe kwa ipa user-del --preserve, ili UID zao zisipewe watu wapya ambao wangerithi faili zao.

Kuzima NIS

Anza na kompyuta kumi za maabara moja kwa wiki mbili, kisha maabara nzima, kisha ofisi. Seva ya faili kwa kipindi hicho itoe folda kwa njia zote mbili, lakini sec=sys iruhusiwe kwa anwani za kompyuta ambazo bado hazijahama tu, na orodha hiyo ipungue kila siku. Kwenye kila mashine inayohama ondoa neno nis ndani ya /etc/nsswitch.conf, ukiacha files systemd sss, na ufute mstari wa +:::::: mwishoni mwa /etc/passwd. Nis ikibaki, kompyuta itaganda wakati wa kuwaka ikingoja seva isiyokuwepo.

Mashine ya mwisho ikishahama, usizime ypserv hapo hapo. Endesha tcpdump (zana ya kuona mawasiliano ya mtandao) kwenye seva ya zamani, poti 111, kwa siku chache za kazi. Karibu kila mara kuna printa, au hati ya zamani ya kuchukua nakala, inayouliza bado. Itafute, ihamishe, kisha zima ypserv, ondoa sec=sys kwenye /etc/exports, na ufute kabisa /var/yp, kwa sababu heshi zote bado zimo humo.